Umekikumbuka Chakula. Je, Umemkumbuka Aliyekupikia?



Vijana wenzangu, ukitaka kumtambua mtu wa Karagwe au Kyerwa aliye mbali na kwao, mwache akae siku tatu na wali na chipsi. Siku ya nne utamsikia: "Jamani, mimi nataka ndizi." Na siyo ndizi yoyote. Mpeleke Mahakama ya Ndizi pale Mabibo, Dar es Salaam: atazunguka, atabonyeza, atauliza zimetoka wapi, atanunua, atapika. Akishakula atasema, "Nzuri, lakini siyo ile."

Ile ipi? Ile iliyomenywa jioni mpaka vidole vikanata utomvu. Maharage yalishachemka mafigani tangu mchana, ndizi zikapangwa juu yake, na kitunguu, na nyanya chungu, na samli kidogo kama ipo. Chungu kikafunikwa kwa majani ya mgomba, moto ukapunguzwa, moshi ukajaa jikoni. Mtoto mmoja akatumwa shambani kukata jani la kupakulia. Mkakaa kulizunguka, kila mmoja na upande wake, na ole wako uvuke mpaka uingie upande wa mwenzako! Na ikiwa ni Novemba, senene wameanguka, basi hapo hata aliyesema ameshiba alirudi.

Kumbukumbu kama hizi ni tamu, lakini naomba leo tuziangalie kwa macho ya imani. Maandiko Matakatifu yanatuonyesha kwamba kumbukumbu ya chakula inaweza kumpoteza mtu, na inaweza pia kumwokoa.

Kumbukumbu mbili

Soma Hesabu sura ya 11. Waisraeli wako jangwani, wamechoka na mana. Wanaanza kukumbuka vyakula vya Misri: samaki, matango, matikiti, vitunguu. Tena wanasema samaki wale walikula bure. Bure? Watu waliokuwa watumwa? Watu ambao watoto wao wa kiume waliamriwa kutupwa mtoni? (Kut 1:22). Walikumbuka sahani, wakasahau mjeledi. Na Mungu aliyekuwa akiwalisha kila asubuhi, wakamwona kama mpishi asiyejua kupika. Mstari wa 10 unatuambia walikuwa wanalia, kila mtu mlangoni pa hema yake.

Sasa fungua Luka sura ya 15. Kijana mwingine, njaa nyingine. Yuko nchi ya mbali, anatamani hata maganda wanayokula nguruwe. Naye anakumbuka chakula cha nyumbani. Lakini msikilize vizuri anavyokumbuka: anawaza watumishi wa *baba yake* walivyo na mikate ya kusaza. Mkate umekuja akilini pamoja na mwenye nyumba. Na kumbukumbu hiyo haikumwacha akilia mlangoni. Aliondoka, akashika njia.

Hapo ndipo ilipo tofauti, ndugu yangu. Waisraeli walikumbuka chakula bila kumkumbuka mtu. Mwana mpotevu alikumbuka chakula, akamkumbuka baba, akarudi. Ya kwanza inatuacha na manung'uniko. Ya pili inatupa miguu.

Tumbo la akili

Mtakatifu Augustino, Askofu wa Hipo katika Afrika ya Kaskazini, aliliwaza sana jambo la kumbukumbu. Katika kitabu cha 10 cha *Maungamo* anaifananisha kumbukumbu na tumbo la akili: furaha na huzuni zinaingia humo kama chakula kitamu na kichungu. Lakini anashangaa kitu kimoja. Vikishaingia tumboni vinahifadhiwa, ila ladha yenyewe huionji tena. Kukumbuka, anasema, ni kama mnyama anavyocheua. Sisi tuliokua tukichunga ng'ombe hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Maana yake kwetu ni hii: kumbukumbu peke yake hailishi. Unaweza kukaa chumbani kwako ukakumbuka chungu cha mama kuanzia saa moja mpaka saa nne usiku, na utalala njaa.

Na hapa nataka tuambizane ukweli. Wengi wetu tumeifanya imani yetu kuwa kama zile ndizi. Muulize kijana, "Wewe ni Mkatoliki?" Atakujibu kwa raha kabisa: "Sana! Mimi nilikuwa mtumikiaji kigangoni kwetu. Bibi alikuwa anatuamsha alfajiri, tunatembea na umande mpaka kanisani. Rozari ya mwezi wa kumi nyumba kwa nyumba!" Mazuri yote hayo. Sasa muulize alipokea lini Komunyo mara ya mwisho. Kimya. Yaani anacheua tu. Imani imebaki ladha ya utotoni, kitu cha kusimulia, na roho inalala njaa.

Huku kwetu tunajua kwamba mgomba hautunzwi kwa kumbukumbu. Mnyauko ulipoingia Kagera katikati ya miaka ya 2000, uliwakuta watu wenye historia ndefu ya migomba, na historia haikuzuia kitu. Majani yaligeuka manjano yakanyauka, ndizi ziliiva kabla ya wakati, ukipasua ndani ni kahawia. Kilichosaidia ni kazi ya kila siku: kuvunja ua dume mapema kwa mti wenye panda, kung'oa shina lililougua, kupitisha kisu kwenye moto kabla ya kugusa mgomba mwingine, kwa sababu kisu kilekile kinachovuna ndicho kinachoweza kusambaza ugonjwa. Aliyesema "shamba hili ni la babu, halijawahi kufa" akakaa, alilipoteza. Imani uliyorithi nayo inataka jembe lako wewe: kitubio, sala, Neno, Misa.

Kapu la Monika

Augustino alikuwa na mama, na mama huyu alijua kubeba chakula. Monika alipokuwa Afrika alikuwa na desturi ya kupeleka uji, mkate na divai kwenye makaburi ya mashahidi. Alipofika Milano, akaenda na kapu lake kama alivyozoea, mlinzi akamzuia: Askofu Ambrosi amekataza. Angeweza kususa. Nani kati yetu hamjui mama aliyekataliwa chakula chake? Lakini Monika alitii, na badala ya kapu lililojaa mazao ya nchi akajifunza kupeleka moyo uliojaa sala.

Mwaka 387 akiwa Ostia, safarini kurudi Afrika, aliugua. Kwa muda mrefu alikuwa ametamani azikwe kwao, kando ya mume wake. Sisi watu wa Kagera tunaielewa hamu hiyo, maana tunasafirisha marehemu zaidi ya kilomita elfu ili walale shambani kwao. Lakini alipokaribia kufa aliwaambia wanawe wauzike mwili wake popote pale. Aliwaomba kitu kimoja tu: popote watakapokuwa, wamkumbuke kwenye altare ya Bwana.

Tazama safari ya mama huyu. Alianza na kapu la mkate, akamalizia kwenye altare. Hakuomba wanawe wakumbuke mapishi yake. Aliomba wamkumbuke mahali ambapo kumbukumbu ni zaidi ya kucheua.

Kwa sababu usiku ule kabla ya kuteswa, Bwana wetu naye aliacha chakula, akatuambia tukifanye kwa kumkumbuka yeye (Lk 22:19). Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1363 na 1364, inatufundisha kwamba ukumbusho huu si kuwaza tu mambo yaliyopita: Kanisa linapoadhimisha Ekaristi, Pasaka ya Kristo inakuwepo kweli. Kumbukumbu nyingine zote zinakuachia harufu ya chakula. Hii inakupa chakula chenyewe, na Mpishi mwenyewe yupo mezani.

Na wewe ambaye hukumbuki kitu kizuri?

Najua wapo wanaosoma hapa ambao utoto wao haukuwa na chungu cha kukumbuka. Kulikuwa na njaa, au mama alitangulia mapema, au chakula kilikuwepo lakini kililiwa kwa machozi na matusi. Kwako habari hizi zinauma, sitajifanya sijui.

Nakuomba usome 1 Wafalme 19. Elia amekimbia, ameketi chini ya mti, ameomba kufa. Mungu hakuanza kwa kumhubiria. Alimtuma malaika, na Elia alipoamka akakuta mkate uliookwa juu ya makaa, na maji kando. Akala, akalala tena. Akaamshwa mara ya pili, ale, maana safari ilikuwa kubwa. Mungu anajua kupikia mtu aliyekata tamaa. Kama hukuwa na meza nyuma yako, ipo mbele yako. Na labda wewe ndiye utakayewasha moto wa kwanza katika ukoo wenu, ili kuna watoto siku moja waseme, "Hakuna chakula kama cha nyumbani."

Tufanye nini wiki hii?

Kwanza, piga simu nyumbani. Siyo ya kuomba nauli! Muulize mama, bibi, shangazi au yeyote aliyekulea: "Ulikuwa unapikaje vile?" Mwache aeleze mpaka amalize. Mshukuru kwa maneno, maana wengi wao hawajawahi kushukuriwa kwa chungu hata kimoja.

Pili, pika. Kisha mwite mtu ambaye hana wa kumpikia: jirani wa hosteli, mwenzako wa VIWAWA, mgeni katika Jumuiya. Chakula cha nyumbani kikiliwa peke yako mlango umefungwa, kinaanza kufanana na vitunguu vya Misri.

Tatu, Jumapili hii nenda Misa. Kama una muda mrefu hujaungama, wahi mapema umwone padre. Na unapofika wakati wa kuwaombea wazima na wafu, mtaje kwa jina moyoni yule aliyekulisha. Kama ameshalala udongoni kule Kyerwa au Karagwe, hapo kwenye altare hamko mbali.

Tusali

Ee Bwana Yesu, uliyelishwa na mama Nazareti na ukatulisha sisi kwa Mwili wako, asante kwa mikono yote iliyotupikia. Wabariki walio hai, uwapokee marehemu kwenye karamu yako. Tuliokwenda nchi ya mbali utupe njaa ya kweli, na miguu ya kurudi. Amina.