Tusile ujana wao kisha tukawatupa

SIFA zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake.

Ndugu zangu katika imani, Dodoma yetu imekuwa mji wa vyuo, hasa tangu Chuo Kikuu cha Dodoma kilipoanzishwa mwaka 2007. Waislamu wengi nchini wanapata riziki zao vyuoni, na baadhi yao ni wakuu wa idara na wajumbe wa kamati. Hao ndio nataka kusema nao leo kuhusu dhulma ambayo wengi hatuioni kuwa ni dhulma, nayo ni kumpima mfanyakazi kwa miaka yake badala ya kazi yake.

Nianze na nafsi yangu. Niliwahi kuwa mjumbe wa kamati ya mafunzo katika chuo kimoja. Ilikuwepo nafasi moja ya kusomea shahada ya uzamili, na mwombaji aliyetimiza masharti yote alikuwa mkufunzi wa miaka 51. Mjumbe mmoja akasema: "Mzee huyu anastaafu kesho, tumpe kijana." Masomo yale ni ya miaka 2, na mzee alibakiwa na miaka 9 kabla ya kufika 60, umri wa kustaafu kwa lazima. Hesabu hiyo niliijua, nikanyamaza. Ijumaa iliyofuata alinipa salamu msikitini kama kawaida yake, nami nikashindwa kumtazama usoni.

Katika Suratul Qasas, aya ya 26, binti wa mzee wa Madyan anamshauri baba yake amwajiri Musa (a.s.). Anataja sifa mbili tu, nguvu na uaminifu. Hakutaja umri. Na nguvu ya mkufunzi ni elimu yake na uwezo wake wa kuifikisha.

Dhulma hii huwapata vijana pia. Mhadhiri msaidizi hutoa hoja kikaoni akaambiwa "wewe mtoto, subiri". Mtume (s.a.w.) alimpa Usama bin Zayd (r.a.) uongozi wa jeshi akiwa bado kijana mdogo, na ndani yake wamo maswahaba wakubwa. Waliponung'unika, aliwakemea na kuwaeleza kuwa anastahiki.

Ama kwa upande wa wazee, Imam Abu Yusuf amepokea katika Kitabul-Kharaj kwamba Khalifa Umar (r.a.) alimkuta mzee wa Kiyahudi akiomba omba. Akamchukua nyumbani kwake, akampa kitu, kisha akaagiza Baitul-mal imtazame yeye na wenziwe, kwani si uadilifu kula ujana wa mtu kisha kumtelekeza uzeeni. Ikiwa hiyo ndiyo haki ya asiyekuwa Muislamu, vipi mwalimu aliyemaliza ujana wake akitusomeshea watoto?

Atasema msemaji: vijana wetu wana shahada na hawana kazi. Ni kweli, na jambo hilo linauma. Lakini haki ya kijana hailipwi kwa kumnyang'anya mzee. Kustaafu kwa umri uliowekwa na unaojulikana si dhulma. Dhulma ni kumstaafisha mtu kimya kimya kabla ya siku yake, kwa kumnyima masomo, madaraka na mikataba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi wa umri kazini. Na mwaka 2018 umri wa kustaafu kwa lazima wa maprofesa na wahadhiri waandamizi wa vyuo vikuu vya umma uliongezwa hadi 65, kwa kuwa elimu iliyokomaa ni hazina.

Hivyo basi, ewe ndugu uliye kwenye kamati, andikeni vigezo kabla ya kufungua fomu. Likitajwa neno "mzee" au "mtoto", uliza: ana uwezo? Ni mwaminifu? Usinyamaze kama nilivyonyamaza mimi. Nawe uliyedhulumiwa, subira haina maana ya kukaa kimya. Dai haki yako kwa maandishi, na ushirikishe chama chako cha wafanyakazi.

Sote tunazeeka, na kiti tunachomnyima mwenzetu leo ndicho tutakachoondolewa kesho. Allah (s.w.) atusamehe tuliyoyanyamazia na atupe ujasiri wa kusimamia uadilifu. Amin.

Wabillahi Tawfiq.