Mpiga Besi Aliyeshangiliwa Akiugua

Kwenye adungu, vile vinubi vinavyopigwa makanisani Adumi na kwingineko West Nile, Uganda, ile kubwa kuliko zote, ambayo tumbo lake hukaa chini, mpigaji wake si mtu wa kutazamwa. Macho ya watu huwa kwa waimbaji. Lakini akiteleza yeye, kwaya nzima inayumba. Ndiyo kazi ya besi popote: kubeba wengine. Jaco Pastorius, mpiga gitaa la besi, hakutaka kubeba tu.

Alizaliwa Pennsylvania, Marekani, mwaka 1951, akakulia Fort Lauderdale, Florida. Alianzia kwenye dramu, akahamia gitaa la besi. Vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo ya gitaa akaving'oa, akaziba mapengo, akapaka gundi ngumu juu yake. Sauti ikawa inateleza kama ya mtu anayeimba. Alipokutana na Joe Zawinul, mmoja wa viongozi wa bendi ya jazi ya Weather Report, alijitambulisha kuwa ndiye mpiga besi bora duniani. Zawinul akamfukuza. Tatizo ni kwamba kijana hakuwa akidanganya: mwaka 1976 alitoa albamu yake ya kwanza, akapiga kwenye albamu ya Hejira ya mwimbaji Joni Mitchell, na huyohuyo Zawinul akamchukua.

Hapo mwanzo alijiepusha na pombe. Ulevi na dawa za kulevya vilimkuta akiwa ndani ya bendi, jina limeshavuma. Ila ulevi ulikuwa nusu ya habari. Nusu ya pili ilikuwa maradhi ya akili, na hayo yalifichwa na sifa zake mwenyewe. Mtu asiye na jina akifanya vituko, majirani huuliza kulikoni. Jaco akivifanya, wakasema ndivyo wasanii walivyo. Mwaka 1982, ziarani Japani, alinyoa kichwa, akajipaka rangi nyeusi usoni, akatupa gitaa lake baharini Hiroshima. Mwaka huohuo madaktari wakatambua ugonjwa: bipola, unaompandisha mtu hata asilale, kisha ukamzamisha.

Akapewa lithiamu. Akalalamika kwamba inamtia vidole ganzi, akaiacha. Kwa hilo simlaumu upesi. Mpiga nyuzi kuambiwa apone kwa gharama ya vidole vyake ni mtihani mzito. Watu wa nyumbani walihangaika naye, na mwaka 1986 alilazwa hospitali ya Bellevue, New York, akabadilishiwa dawa. Haikumshika. Alikuwa akilala mitaani, na gitaa lake maarufu likapotea mwaka huo.

Tarehe 11 Septemba 1987 alipanda jukwaani kwenye onyesho la mpiga gitaa Santana bila kualikwa, akaondolewa. Akaenda kwenye klabu moja huko Wilton Manors, akazuiwa kuingia, akaleta fujo, na meneja akampiga hadi akazimia. Hakuzinduka. Alifariki tarehe 21, akiwa na miaka 35.

Basi wewe unayepiga bendi moja na mtu wa namna hiyo, ukimwona usiku wa tatu halali, anaongea bila kituo na kugawa hela asizonazo, usimshangilie, wala usimwongezee waragi ili apige vizuri zaidi. Usikimbilie kusema amerogwa. Mpeleke hospitali ya rufaa ya Arua. Akilalamika kwamba dawa inamharibia vidole, rudi naye kwa daktari amwambie hivyohivyo, atafutiwe nyingine kabla hajaitupa.