JE, HESHIMA IMO KATIKA MANENO?

Ndugu msomaji, huenda umepata kusikia ikisemwa kwamba watu wa taifa fulani hawana adabu kwa kuwa usemi wao ni mkavu. Hukumu hii ni nzito, na yafaa ipimwe kabla ya kusadikiwa.

Mwingereza huingia dukani Tanga akasema, "Tafadhali, nipatie sukari," na apewapo hushukuru. Kwa kipimo cha kwao ametimiza adabu yote. Lakini mwenye duka hustaajabu: mtu huyu hakusalimu! Naye Mswahili aliye mgeni London husalimu vizuri, kisha akasema kwa upole, "Nipe chumvi," kama asemavyo nyumbani. Wenyeji hudhani anaamrisha, maana kwao "tafadhali" haiachwi. Wote wawili wana adabu, na wote wawili wamehukumiwa vibaya.

Kwa hakika kila lugha ina mahali pake pa kuweka heshima. Mfaransa humwambia rafiki "tu", na mtu asiyemzoea "vous". Kiurdu kina daraja tatu: "tu", "tum" na "aap". Sisi twauliza "umelala salama?" kwa babu na kwa mjukuu sawasawa, heshima yetu tumeiweka katika "shikamoo", na katika kumwita mtu baba, mama au mzee hata asipokuwa wa ukoo wetu. Je, asiyejua hayo akisema hatuwaheshimu wazee, atakuwa amesema kweli?

Huenda mtu akauliza: ikiwa desturi hizi zahitilafiana hivyo, kwa nini tusiziache? Wako waliojaribu. Katika karne ya 17 huko Uingereza, Quaker walimwambia kila mtu "thou", hata hakimu, wakachukiwa na kupigwa kwa ajili hiyo. Mwaka 1967 huko Sweden, Bror Rexed alipoanza kuongoza idara ya afya ya serikali, aliwatangazia wafanyakazi kwamba atawaambia wote "du", neno la watu waliozoeana. Tendo lake likawa alama ya mageuzi yaliyoenea nchi nzima.

Watu hawa hawakuipinga heshima. Walichokipinga ni heshima ipandayo juu tu bila kushuka. Na hapa, ndugu msomaji, yatupasa tujichunguze. Mtumishi wa nyumbani aamkapo alfajiri na kusema "shikamoo", je, tunamjibu "marahaba" tukimtazama usoni, au twapita kimya kama kwamba ukuta umesema? Shikamoo isiyojibiwa ni deni lisilolipwa, na mdaiwa ni mkubwa, si mdogo.

Wahenga walinena kwamba heshima si utumwa. Basi tuwafundishe watoto wetu maneno ya heshima, wala tusiwaonee haya. Lakini tumpokee mgeni kwa kipimo cha kwao, na sisi wenyewe tujipime kwa jibu tunalompa aliye chini yetu.