Pumua, Kisha Usikie

Somo: 1 Wafalme 19:1–16



Nabii Eliya alipomkimbia Malkia Yezebeli alifika jangwani akiwa hoi, akaketi chini ya mti na kuomba afe. Mungu hakumkemea. Malaika alimgusa, akamwamsha ale mkate na kunywa maji. Akalala tena, akaguswa tena, akala tena. Ndipo akapata nguvu za safari ya siku 40 hadi Mlima Horebu, na huko akaulizwa mara mbili: anafanya nini pale? Mwili ulihudumiwa kwanza, swali likafuata.

Wengi wetu tunaishi bila kujiuliza swali hilo. Mwili uko hapa Kakamega, akili iko kwenye karo, deni la chama na maneno ya jirani. Mama anamfokea mtoto kwa maji yaliyomwagika, kumbe hasira ni ya mkopo. Tunawaumiza tunaowapenda kwa sababu hatujui tumebeba nini.

Mwanzo 2:7 yatukumbusha kwamba uhai wetu ulianza kwa pumzi ya Mungu. Basi anzia hapo. Keti, nyayo zote mbili ziguse chini. Vuta pumzi kwa pua, kisha itoe polepole kuliko ulivyoivuta. Pumzi ikitoka taratibu, mapigo ya moyo nayo hupungua. Ndivyo Muumba alivyotuunda. Kisha fungua milango ya fahamu.

Sisi tumejaliwa mahali pa kujifunzia. Msitu wa Kakamega ni mabaki ya msitu mkubwa wa mvua ulioungana zamani na ule wa Kongo. Ukiingia upande wa Isecheno, simama kimya. Hondohondo utamsikia kabla ya kumwona, mabawa yakivuma juu ya miti. Weka kiganja kwenye gome lenye unyevu. Nusa majani yanayooza. Sasa jichunguze: mabega yamekaza? Meno yameumana? Ni hofu, hasira au uchovu? Asiyeweza kufika msituni anayo mvua ya alasiri juu ya mabati, na harufu ya mrenda jikoni.

Wako wanaohofu kwamba haya ni mambo ya dini ngeni. Ndugu zangu, pumzi si Mungu, wala utulivu si wokovu. Tunatulia ili tuweze kumwambia Mungu ukweli, kama Eliya alivyomweleza uchungu wake wote. Na mwenye huzuni nzito isiyoondoka asibaki peke yake: amwone daktari au mshauri. Hata Eliya alipewa Elisha.

Wiki hii, kabla ya kumjibu aliyekuudhi, pumua taratibu mara tatu. Jiulize unafanya nini hapo, na umjibu Mungu bila kuficha kitu. Ndipo ufungue kinywa. Bwana awajalie amani yake.