Nafasi Aliyoilipia Babu wa Mwenzetu

Ukikaa na wazazi wa Afrika Mashariki hapa Maryland, iwe kwenye kipaimara au kwenye arobaini, na pawepo mtoto wa mtu aliyefika darasa la kumi na mbili, mazungumzo yatafika tu kwenye fomu za chuo. Kwa miaka mingi ushauri ulikuwa mmoja, nao ulitolewa kwa sauti ya chini, kama mtu anayekuelekeza kwa mganga: pale wanapouliza rangi, mwambie mtoto asiache wazi. Aweke Mweusi. Inasaidia.

Ilisaidia kweli. Kisha tarehe 29 Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaufunga mlango huo. Majaji sita dhidi ya watatu katika kesi ya Chuo Kikuu cha North Carolina, na sita dhidi ya wawili katika ile ya Harvard, kwa kuwa Jaji Ketanji Brown Jackson, aliyewahi kukaa kwenye bodi ya chuo hicho, alijitoa. Walisema chuo hakiwezi tena kumpa mwombaji nafasi kwa kuhesabu rangi yake. Usiku ule makundi yetu ya WhatsApp yalikuwa matanga matupu.

Mimi sikulia, na nikasema hivyo, na wapo walioninunia. Nilichosema ni kwamba tulikuwa tunalilia mali ya watu wengine.

Upendeleo huu haukuanzishwa kwa ajili yetu. Rais Kennedy alitia saini amri mwaka 1961 iliyowataka wenye zabuni za serikali wachukue hatua za makusudi ili wafanyakazi wasibaguliwe kwa rangi. Juni 1965 Lyndon Johnson akasimama mbele ya wahitimu wa Chuo Kikuu cha Howard, Washington, akatoa hoja ambayo bado sijaona aliyeijibu vizuri: huwezi kumfungua mtu minyororo aliyofungwa miaka na miaka, ukamsimamisha kwenye mstari wa mbio, ukamwambia haya, sasa uko huru kushindana, halafu ukaamini umemtendea haki. Waliokuwa wakimsikiliza walikuwa wajukuu na vitukuu vya watumwa. Mwaka huo baba yangu alikuwa anafundisha shule ya msingi Tabora, chini ya serikali ya watu wake mwenyewe. Hotuba ile haikumhusu.

Mambo yalipinda mwaka 1978. Allan Bakke, mzungu aliyekosa nafasi ya kusomea udaktari katika Chuo Kikuu cha California kule Davis, alikishtaki chuo kwa kutenga nafasi 16 kati ya 100 kwa ajili ya wale walioitwa makundi ya wachache. Mahakama iligawanyika, na maoni yaliyobaki na nguvu yalikuwa ya Jaji Lewis Powell. Alikataa kutengwa kwa nafasi kwa hesabu. Alikataa pia kwamba chuo kinaweza kugawa nafasi ili kufidia ubaguzi wa jamii nzima. Alichokubali ni kwamba darasa lenye watu mchanganyiko linafundisha vizuri zaidi, na akataja mfano wa kuigwa: Harvard.

Hapo deni likafutwa, nafasi zikabaki. Kijana mweusi hakuingizwa tena chuoni kwa sababu babu zake walichuma pamba bila ujira. Aliingizwa ili mwenzake wa kizungu apate kujifunza kitu kwa kukaa naye. Na kama shabaha ni kuchanganya darasa tu, mtoto wa daktari Mnaijeria au wa mhasibu Mtanzania anatosha kabisa. Tena ni mgeni mwenye adabu, hana habari za kumkumbusha mwenyeji wake.

Mwaka 2004 maprofesa wawili weusi wa Harvard, Henry Louis Gates na Lani Guinier, walilisema hili hadharani. Wanafunzi weusi wa shahada ya kwanza walikuwa kama asilimia 8, lakini wengi wao, pengine theluthi mbili, walikuwa wahamiaji wa Afrika na visiwa vya Karibi au watoto wao, na wachache waliozaliwa na mzazi mmoja mzungu. Yule mtu wa minyororo wa hotuba ya Johnson alikuwa wapi? Kwa kiasi kikubwa alikuwa bado nje ya lango.

Sisi hatukuja huku kwa bahati. Ubalozi ulituchuja. Hata ile bahati nasibu ya Green Card, ambayo kila internet cafe ya Kariakoo iliwahi kuijaza, inamtaka mshindi awe amemaliza sekondari au awe na uzoefu wa kazi. Baba anaweza kuwa anaendesha Uber leo, lakini alitoka kwao na shahada, na mtoto wake analelewa na mtu aliyekwishashinda mitihani. Jirani yetu mmoja, mzee aliyestaafu posta, ambaye ukoo wake haujawahi kutoka kusini mwa Maryland tangu utumwa, aliniambia bila hasira kwamba watoto wetu wanafika shuleni na majina ya babu zao, wa kwake wanafika na jina la aliyemnunua babu yao. Sikuwa na la kujibu. Nilimmiminia chai.

Kile kisanduku cha rangi kwenye fomu nacho kilikuwa na vichekesho vyake. Zohran Mamdani, aliyezaliwa Kampala kwa wazazi wenye asili ya India, na ambaye Novemba 2025 alichaguliwa kuwa meya wa New York, alipoomba Columbia akiwa kijana wa sekondari aliweka alama kwenye Asia na kwenye Mweusi pia, akaandika pembeni kwamba ni wa Uganda. Gazeti la New York Times lilipolichapa hilo mwaka 2025 palizuka kelele kubwa. Columbia haikumchukua, ingawa baba yake anafundisha hapo. Mimi simlaumu kijana. Mhindi wa Kampala aweke alama wapi? Fomu ilitengenezwa na watu wasiojua kwamba yupo.

Binti yangu hakubaliani nami. Anasema mlinzi wa duka akimfuata nyuma nyuma hamfuati kwa sababu ni Mnyamwezi. Ananikumbusha Amadou Diallo, kijana wa Guinea aliyeuawa na polisi mlangoni pa nyumba aliyoishi New York mwaka 1999, risasi 41 zikifyatuliwa dhidi ya mtu asiye na silaha. Hakuna aliyemuuliza Diallo kama babu yake alikuwa mtumwa Virginia au mchungaji wa ng'ombe Futa Jallon. Hoja yake ni nzito, na nimekaa nayo sana. Ubaguzi wa leo ni wetu sote wenye ngozi hii, na Jaji Mkuu John Roberts mwenyewe aliacha upenyo: mwombaji anaweza kueleza kwenye insha jinsi rangi ilivyogusa maisha yake. Basi aeleze. Lakini kuelezea jeraha lako ni jambo moja, na kudai fidia ya jeraha la ukoo wa mwingine ni jambo jingine.

Walioshinda kesi ile ya 2023 walikuwa na lao la kweli pia. Takwimu zilizonukuliwa kwenye hukumu zilionyesha kwamba Harvard, ukiwagawa waombaji mafungu kumi kwa alama za masomo, mweusi wa fungu la nne kutoka chini alikuwa na uwezekano wa asilimia 12.8 wa kupata nafasi, na Mmarekani mwenye asili ya Asia wa fungu la juu kabisa asilimia 12.7. Wenye asili ya Asia walipewa pia alama za chini za haiba, kitu kisichopimika, na chuo hicho kina historia yake: miaka ya 1920 rais wake, Lowell, alipotaka kupunguza Wayahudi, ghafla tabia ya mwombaji ikawa jambo la kuchunguzwa sana. Mahakama ya wilaya mwaka 2019 haikuona ubaguzi wa kukusudia. Ningekuwa baba wa Kichina nisingeridhika.

Ninachokichukia ni kilichoachwa. Peter Arcidiacono, mchumi aliyewatolea ushahidi walalamikaji hao hao, aliandika na wenzake mwaka 2019 kwamba zaidi ya asilimia 43 ya wazungu waliochaguliwa Harvard walikuwa wanamichezo walioandaliwa nafasi, watoto wa wahitimu, watoto wa wafanyakazi wa chuo, au waliomo kwenye orodha maalumu ya mkuu wa udahili, ambayo wafadhili wanaijua vizuri. Huo nao ni upendeleo wa damu na wa pesa, na hukumu ya 2023 haikuugusa. Mwaka uliofuata Amherst ilitangaza kwamba weusi kwenye mwaka wa kwanza wameshuka kutoka asilimia 11 hadi 3. MIT walishuka kutoka wastani wa 13 hadi 5. Watoto wa wahitimu wa Harvard wako salama.

Chuo kilichonifundisha kwamba kuna njia nyingine kiko karibu na kwangu. Mwaka 1838 mapadre Wajesuiti wa Maryland waliwauza watu 272 kwa wenye mashamba ya Louisiana, na sehemu ya pesa ikaokoa chuo chao, Georgetown, kisizame kwenye madeni. Majina ya waliouzwa yapo, yameandikwa. Mwaka 2016 Georgetown ilitangaza kwamba uzao wa watu hao, ukiomba udahili, utapewa uzito ule ule wanaopewa watoto wa wahitimu. Hapo hapaulizwi rangi. Unaulizwa bibi yako ni nani, na daftari la chuo lenyewe linajibu. Mtanzania hawezi kuupata upendeleo huo kwa kuweka alama kwenye kisanduku, na mimi naona ni haki. Harvard nayo ilikiri mwaka 2022 kwamba viongozi na wafanyakazi wake walimiliki watumwa zaidi ya 70, ikatenga dola milioni 100. Ingeweza kuufungulia uzao wa watumwa hao lango vilevile.

Wapo Waafrika Mashariki wengi sasa waliosoma kwenye vyuo hivi, na watoto wao wameanza kuhesabiwa watoto wa wahitimu. Kwa hao nina ombi. Barua ya kuomba mchango ikija kutoka chuoni kwako, ijibu. Dai kwamba upendeleo wa watoto wa wahitimu ufutwe, na uzao wa waliokijenga chuo bila ujira upewe nafasi hizo, hata kama mwanao ndiye atakayekuwa wa kwanza kuikosa.