Usingizi wa Rubani

Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria ilianguka ziwani ikikaribia kutua Bukoba. Watu 19 walikufa, marubani wote wawili wakiwamo. Hatusemi kwamba walikuwa wamechoka. Twakumbusha tu kwamba maisha ya abiria na ya rubani yamefungwa pamoja.

Mtu atasema: rubani wa ndege ndogo ya kukodi akichoka, na akatae kuruka. Lakini akataaye leo aogopa kukosa kazi kesho. Basi tajiri amhimizaye kwa ajili ya shehena auza uhai usio wake.

Nasi wasafiri tunayo sehemu yetu. Tukiambiwa Bukoba au Muleba kwamba safari imeahirishwa ili rubani alale, yatupasa kungoja bila kunung'unika.