Neno la Wakili

Anayesema kwa ulimi wa mwingine, tena aliye mbali, neno lake hulipata wapi uzito, na likivunjika hasara yake ni ya nani? Mwezi wa Agosti 1914 wakuu wa Kijerumani wa Tanga walipatana na manowari ya Kiingereza Pegasus kwamba mji usipigwe, wala wao wasiutumie kwa vita. Lakini wakubwa wa London, ambao nahodha wa Pegasus alikuwa wakili wao tu, wakakataa kuyaidhinisha mapatano hayo. Tarehe 2 Novemba manowari Fox ikaingia bandarini, Kapteni Caulfeild akamwarifu mkuu wa wilaya, Bwana Auracher, kwamba sulhu haipo tena, akampa muhula wa saa moja autoe mji. Naye Auracher akajibu kuwa hana idhini ya kuutoa, akarudi pwani, akavaa sare ya jeshi. Vita vilivyofuata, hata habari ya nyuki waliowauma askari, kila mtoto wa Tanga amevisikia.

Fukahaa, wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, wanamjua mtu wa namna ya nahodha yule wa Pegasus, nao humwita fudhuli: atendaye katika mali ya mwenziwe pasipo kuagizwa. Mahanafi husema mkataba wake husimama ukingoja ridhaa ya mwenye mali. Kwa kauli mashuhuri ya madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya watu wetu wa mrima, ni batili tangu asili. Basi kwa hukumu zote mbili London ilikuwa na haki. Lakini naona hukumu hizo humhifadhi zaidi mwenye mali kuliko yule aliyeamini.

Wakili mwingine wa mbali alikuwa Gavana wa Kijerumani wa nchi hii, Heinrich Schnee: aliyezingirwa upande wa bahari asiweze kuletewa fedha kutoka Berlin, tangu 1915 alichapisha noti za muda hapa hapa nchini, zikilipa askari na wapagazi kwa jina la serikali isiyoweza kuulizwa. Mwaka 1916 karakana ya reli ya Tabora ikafua dhahabu ya mgodi wa Sekenke kuwa sarafu za rupia 15, zenye sura ya ndovu. Dhahabu haihitaji wakili, kwani hujisemea yenyewe popote iendapo. Karatasi ni ahadi tupu, na Waingereza walipoishika Tanga Julai 1916, aliyeuza nazi zake kwa karatasi alibaki na ahadi ya mtu aliyekwisha kuondoka.

Mpagazi hakuulizwa kama anamwamini wakili. Alipewa karatasi, akaambiwa ni mshahara. Kwa hiyo nasema deni la wakili ni la aliyemtuma, awe amemwagiza au hakumwagiza, maadamu kazi ilifanywa kwa ajili yake. Ujerumani Magharibi ilikubali kuwalipa askari wazee wa vita hivyo waliosalia malimbikizo ya mishahara yao mwaka 1964, na wengi wa waliokuwa wakidai walikuwa wamekwisha kufa.